Bendi ndogo zisizovuma: Jinsi ya kuzisaka mtandaoni na kuzinusuru zisipotee

KWA muda wa miaka 17, watu wengi katika mataifa mbalimbali walikuwa wakiusaka wimbo mmoja ambao hakuna aliyejua jina lake wala wanamuziki waliouimba.

Wimbo huo ulinaswa kwenye kaseti na kijana mmoja nchini Ujerumani katika miaka ya themanini, alipokuwa akirekodi muziki uliopeperushwa na redio ya NDR. Hata hivyo, wimbo huo ulibaki bila jina. Mnamo 2007, dada yake aliuweka kwenye intaneti akiomba mtu yeyote autambue.

Hakuna aliyeutambua. Badala yake, umaarufu wa wimbo huo ulizidi kukua kwa sababu tu haukujulikana, hadi ukapewa lakabu ya wimbo wa ajabu kuliko zote mtandaoni. Watu walipekua orodha za vipindi vya redio, wakawauliza watangazaji wa zamani na kufuatilia kila fununu iliyojitokeza.

Hatimaye, mnamo Novemba 2024, kitendawili kilipata mteguzi. Wimbo huo unaitwa Subways of Your Mind, na waliouimba ni bendi ya FEX kutoka mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kitendawili hicho hakikuteguliwa na mtambo wa kutambua nyimbo. Kiliteguliwa na mtu mwenye subira aliyepekua magazeti ya kale yaliyoandika habari za bendi chipukizi za eneo hilo, kisha akawasiliana na wanamuziki wenyewe.

Kisa hiki kina funzo kwa kila mpenzi wa muziki anayetaka kuvuka mipaka ya nyimbo zinazochezwa kila saa redioni. Mtandao umejaa bendi ndogo zenye nyimbo nzuri, lakini wingi huo pekee hautoshi. Wimbo wa bendi isiyovuma huishi pale tu mtu mmoja anapoandika jina lake, mwingine akalitafuta, na wa tatu akauhifadhi.

Makala haya yanaeleza bendi hizi ni zipi, mitambo ya mtandao inavyozipendekeza au kuzificha, na hatua ambazo msomaji anaweza kuchukua kuzipata na kuzifaidi.

BENDI HURU NI IPI?

Bendi huru, ambazo vijana wengi huziita 'indie', ni zile zinazorekodi na kusambaza muziki wao bila kumilikiwa na kampuni kubwa za kurekodi. Ama zinajisimamia zenyewe, ama zinafanya kazi na lebo ndogo inayoendeshwa na watu wachache.

Katika historia ya muziki wa Uingereza, mfano unaotajwa sana ni wa bendi ya Buzzcocks kutoka Manchester. Mnamo Januari 1977, wanamuziki hao walitoa santuri ya nyimbo nne iitwayo Spiral Scratch kwa lebo yao wenyewe, New Hormones. Walikopa takriban pauni 500 kutoka kwa jamaa na marafiki, wakatengeneza nakala 1,000 kwanza. Santuri hizo zilinunuliwa zikaisha, ikabidi nyingine zitengenezwe.

Mafanikio hayo yaliwafungua wengi macho. Kufikia Januari 1980, wanamuziki wa aina hii walikuwa wameongezeka kiasi cha kuwekewa chati yao ya mauzo nchini Uingereza, tofauti na ile ya kitaifa.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Katika miaka ya sabini, barabara ya River Road jijini Nairobi na viunga vyake ilikuwa na maduka ya santuri ambayo baadhi ya wenyewe walikuwa pia na lebo zao ndogo. Bendi nyingi za benga zilirekodiwa na kuuzwa kwa njia hiyo. Neno 'indie' halikutumika, lakini kazi ilikuwa ile ile.

Tofauti kati ya enzi hiyo na ya sasa ni mahali pa kukutania. Zamani, mtu aliyetaka kibao kisichojulikana alilazimika kufika dukani, akamuuliza mwenye duka, akawekewa santuri aisikie. Mwenye duka ndiye aliyekuwa kamusi. Leo duka liko ndani ya simu, ila kamusi yenyewe imebadilika sura.

KUTOKA KWENYE KASETI HADI INTANETI

Mojawapo ya tovuti za kwanza zilizowapa nafasi wanamuziki wasiojulikana ilikuwa MP3.com, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1997. Bendi yoyote iliweza kupakia nyimbo zake humo bila kumbembeleza meneja wa kampuni ya kurekodi.

Mnamo 2003 ilifuata MySpace, ambayo kwa miaka michache ilikuwa uwanja mkuu wa bendi ndogo. Kila bendi ilikuwa na ukurasa wake, nyimbo kadhaa za kusikilizwa papo hapo, na orodha ya marafiki iliyomwezesha msikilizaji kuruka kutoka bendi moja hadi nyingine.

Bendi iliyodhihirisha nguvu ya njia hii ni Arctic Monkeys ya mjini Sheffield, Uingereza. Vijana hao walikuwa wakigawa bure sahani za nyimbo zao katika maonyesho yao ya awali. Mashabiki walizinakili kwenye kompyuta na kuzisambaza mtandaoni wenyewe.

Ilipofika Oktoba 2005, kibao chao cha kwanza chini ya lebo ndogo ya Domino kilipaa moja kwa moja hadi nafasi ya kwanza nchini humo. Albamu yao ya kwanza, iliyotolewa Januari 2006, iliuza zaidi ya nakala 360,000 nchini Uingereza katika juma la kwanza pekee.

Mwaka wa 2008, tovuti ya Bandcamp ilizinduliwa nchini Marekani kwa lengo la kuwawezesha wanamuziki kuuza kazi zao moja kwa moja kwa wasikilizaji. SoundCloud, iliyoanzia Ulaya wakati huo huo, ikawa ghala la nyimbo ambazo hazijakamilika, majaribio na kazi za wanaoanza.

Kisha ukaja wakati wa huduma za kusikiliza bila kumiliki. Spotify ilifika Kenya mnamo Februari 2021, ikakuta tayari kuna Boomplay na Mdundo, huduma iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka 2013. Mkazi wa Kisii au Lamu angeweza kusikiliza wimbo ule ule, saa ile ile, na mkazi wa London.

JINSI MITAMBO INAVYOPENDEKEZA NYIMBO

Wengi hudhani kwamba wimbo unaojitokeza kwenye simu baada ya mwingine kumalizika huchaguliwa kwa bahati nasibu. Ukweli ni kwamba upo utaratibu, na anayeuelewa ataweza kuutumia badala ya kutumiwa nao.

Njia ya kwanza hutegemea mwenendo wa wasikilizaji. Chukua mfano wa mama mboga aliyeuza kwa miaka mingi katika soko moja. Amegundua kwamba aghalabu anayenunua omena hununua pia nyanya na dania. Akija mteja mpya akataka omena, mama huyo atamwonyesha nyanya hata kabla ya kuombwa.

Mitambo ya muziki hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2002, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, Richard Jones, alianzisha Audioscrobbler, programu iliyoweka kumbukumbu ya kila wimbo ambao mtu aliusikiliza kwenye kompyuta yake. Kumbukumbu za watu wengi zikilinganishwa, ilibainika nani ana ladha inayofanana na ya nani. Programu hiyo iliungana na Last.fm mnamo 2005.

Kasoro ya njia hii ni dhahiri. Mboga ambayo bado haijanunuliwa na yeyote haina wa kuipendekeza. Bendi yenye wasikilizaji 30 haiachi alama ya kutosha kwa mtambo kuitambua. Matokeo yake, anayejulikana huzidi kujulikana, na asiyejulikana husalia gizani.

Njia ya pili huchunguza wimbo wenyewe. Katika mradi ulioanzishwa Marekani mwaka 2000 na waliounda redio ya mtandaoni ya Pandora, wataalamu wa muziki walisikiliza nyimbo moja moja na kuorodhesha sifa zake kwa mamia: mwendo wa mapigo, aina ya sauti, uzito wa gitaa na kadhalika. Kwa njia hii, wimbo wa bendi isiyojulikana ungeweza kuwekwa kando ya wimbo maarufu kwa kuwa zinafanana tu.

Huduma nyingi za siku hizi huchanganya njia zote mbili. Mathalani, tangu 2015 Spotify imekuwa ikimwandalia kila msikilizaji orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu. Orodha kama hizo ni msaada mkubwa, lakini zina tabia ya kumrudisha mtu karibu na pale alipokuwa. Aliyezoea kusikiliza gitaa laini hupewa gitaa laini jingine.

Kwa hivyo, mtambo ni mwenyeji mzuri wa barabara kuu. Anayetaka vichochoro hana budi kushuka garini na kutembea kwa miguu.

NJIA SITA ZA KUTAFUTA

1. Tafuta kwa jina la mji. Katika Bandcamp, wanamuziki wengi huzipa kazi zao alama za mtindo na mahali wanapotoka. Msikilizaji anaweza kuandika Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kisha akaongeza mtindo anaoutaka. Njia hii haijali bendi ina wasikilizaji wangapi. Mwenye kumi na mwenye elfu kumi wote huonekana.

2. Fuata majina ya wahusika. Kila albamu ina mpiga besi, mpiga ngoma, mtayarishaji na aliyechora jalada. Aghalabu watu hao wana kazi nyingine. Tovuti za Discogs na MusicBrainz, zote zilizoanza mwaka 2000, huhifadhi taarifa za namna hii. Ni orodha zinazojazwa na wapenzi wa muziki wenyewe, na ndani yake jina moja hufungua mengine kumi.

3. Chunguza lebo ndogo. Lebo ya watu wawili au watatu huwa na ladha moja. Ukipenda albamu mbili kutoka kwa lebo hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ya tatu itakufaa, hata kama hujawahi kuisikia bendi yenyewe ikitajwa.

4. Tazama wasikilizaji wenzako. Chini ya albamu nyingi katika Bandcamp huonyeshwa baadhi ya walioinunua. Ukimfungua mmoja wao, utaona mikusanyo yake mingine. Mtu aliyelipia albamu usiyodhani kuna mwingine anayeijua ni mwelekezi bora kuliko mtambo wowote, kwa kuwa alitoa pesa zake.

5. Sikiliza redio zinazochagua kwa masikio ya binadamu. KEXP, redio ya umma ya mjini Seattle, Marekani, hurekodi bendi zikipiga muziki studioni na kuziweka video hizo mtandaoni. Redio ya NPR nayo imekuwa na kipindi chake cha Tiny Desk tangu 2008, ambapo wanamuziki hutumbuiza nyuma ya dawati la ofisi. Jijini London, redio ya mtandaoni ya NTS imekuwa ikiwapa watangazaji wake uhuru wa kucheza watakacho tangu 2011.

6. Soma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Kila tamasha huwa na bango. Walio juu kwa herufi kubwa unawajua tayari. Walio chini kabisa ndio wa kutafutwa usiku huo ukifika nyumbani. Mwaka ujao huenda wakapanda juu.

Tahadhari moja kuhusu programu za kutambua nyimbo kama Shazam. Programu hizo hulinganisha sauti iliyonaswa na simu yako na ghala la nyimbo zilizokwishaorodheshwa. Wimbo ambao haujawahi kuingizwa katika ghala hauwezi kutambuliwa, hata ukichezwa mara mia. Ndiyo maana wimbo wa FEX ulibaki fumbo kwa muda mrefu hivyo.

MIFANO YA AFRIKA MASHARIKI

Eneo letu lina mifano inayoonyesha jinsi njia hizo zinavyofanya kazi.

Mnamo Machi 2010, kundi la Just a Band, lililoanzishwa na vijana waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa video ya wimbo Ha-He. Mhusika mkuu, Makmende, alivuma mtandaoni kiasi kwamba Wakenya walianza kutunga vichekesho vyao wenyewe kumhusu. Hicho huhesabiwa kuwa miongoni mwa visa vya kwanza vya Kenya kutikisa intaneti nje ya mipaka yake.

Lakini waliomfurahia Makmende hawakuwa lazima wanajua kwamba kundi hilo lilikuwa tayari limetoa albamu mbili, Scratch to Reveal mwaka 2008 na 82 mwaka 2009. Aliyeishia kwenye kichekesho alipata dakika chache za burudani. Aliyeuliza hawa ni akina nani alipata albamu mbili nzima.

Mfano mwingine ni wa Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao walipiga muziki wa metali wenye kasi na ukali usio wa kawaida. Albamu yao, iliyobeba jina la kundi, ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo jina lake kwa Kiganda linahusu hamu kuu ya kucheza ngoma.

Hebu sasa tuitumie njia ya pili, ya kufuata majina. Khanja alitokea katika bendi ya Lust of a Dying Breed, naye Karugu katika Seeds of Datura, zote za Nairobi. Hapo msomaji ameshapata mlango wa kuingilia ulimwengu mzima wa metali ya Kenya. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake The Adept mwaka 2024 kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu.

Njia ya tatu, ya kufuata lebo, humfikisha msikilizaji mbali vile vile. Lebo hiyo hiyo ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, uliotokana na studio ya Sisso jijini Dar es Salaam. Kwa wasikilizaji wengi wa Ulaya, huo ndio uliokuwa mlango wa kuujua muziki wa singeli, ambao vijana wa uswahilini walikuwa wakiucheza kwa miaka mingi.

Upo pia mfano unaogusa moyo. Mwanamuziki wa Nairobi anayejulikana kama KMRU, ambaye albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilimpatia jina katika ulimwengu wa muziki wa kielektroniki, anaitwa Joseph Kamaru. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji maarufu wa nyimbo za Kikuyu aliyeaga dunia Oktoba 2018.

Mjukuu huyo amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kupitia Bandcamp. Hivyo, kijana wa Berlin au Tokyo anayemtafuta mjukuu hujikuta mbele ya babu. Nyimbo zilizouzwa kwenye santuri na kaseti miongo mingi iliyopita zimepata masikio mapya kwa sababu tu mtu wa familia alizijali.

KASETI YA CAPE COAST

Nje ya eneo letu, lakini bado barani Afrika, kuna kisa cha Ata Kak wa Ghana. Mwanamuziki huyo alirekodi albamu yake Obaa Sima akiwa Toronto, Canada, na kuitoa mwaka 1994. Inasemekana nakala takriban 50 pekee ndizo zilizotengenezwa, na hata hizo hazikununuliwa sana.

Mnamo 2002, Mmarekani Brian Shimkovitz alinunua kaseti moja mjini Cape Coast. Mwaka 2006 alipoanzisha tovuti yake ya Awesome Tapes from Africa, kaseti hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwekwa. Wasikilizaji waliipenda mno, ila hakuna aliyejua mwenyewe yuko wapi.

Shimkovitz alimtafuta kwa miaka mingi kabla ya kumpata. Albamu ilitolewa upya rasmi mwaka 2015, na Ata Kak akapanda jukwaani mbele ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga, alipoirekodi.

Kisa hicho kina pande mbili. Upande mmoja, mtandao ulimfufua msanii. Upande wa pili, kwa takriban miaka tisa kazi yake ilisikilizwa duniani bila yeye kupata chochote. Kuugundua wimbo ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kumfikia mwenyewe.

JIHADHARI NA BENDI ZISIZOKUWEPO

Anayesaka bendi ndogo leo anakabiliwa na tatizo ambalo watangulizi wake hawakulijua. Si kila bendi iliyo mtandaoni ni ya watu.

Katikati ya mwaka 2025, bendi iliyojiita The Velvet Sundown ilijipatia zaidi ya wasikilizaji milioni moja kwa mwezi katika Spotify, ndani ya majuma machache. Ilikuwa na albamu, picha za wanamuziki wanne na maelezo ya kuvutia. Baadaye ilikiriwa kwamba muziki huo ulitengenezwa kwa akili unde.

Mtu ana haki ya kusikiliza apendacho, lakini ana haki pia ya kujua anachosikiliza. Maswali machache humsaidia. Je, bendi imewahi kupiga muziki mbele ya watu, na wapi? Je, kuna picha zilizopigwa na mtu mwingine? Je, jina la mpiga ngoma linapatikana katika kazi nyingine yoyote? Je, albamu tatu zimetoka katika miezi miwili?

Bendi ya kweli huacha nyayo. Kuna rafiki aliyeichukua video ikitetemeka, kuna bango la ukumbi mdogo, kuna mtu aliyelalamika kwamba vipaza sauti vilikuwa vibovu usiku huo.

NYIMBO ZILIZOPOTEA

Wapo wanaoamini kwamba kilichowekwa kwenye intaneti hudumu milele. Historia inawasuta.

MP3.com ilifungwa Desemba 2003 baada ya kuuzwa, na ghala lake la nyimbo likafutwa. Bendi ambazo hazikuwa na nakala nyingine zilipoteza kazi zao.

Hasara kubwa zaidi ilijulikana Machi 2019, MySpace ilipokiri kwamba nyimbo zilizopakiwa humo kati ya 2003 na 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo yake. Nyimbo hizo zinakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50, za wanamuziki wapatao milioni 14.

Mwezi uliofuata, shirika la Internet Archive liliweka hadharani nyimbo 490,000 zilizokuwa zimenakiliwa na watafiti kabla ya mkasa huo. Ni sawa na nyumba iliyoteketea ikasalia na sanduku moja. Waliopata nyimbo zao humo walikuwa na bahati. Wengine wote walibaki na majina bila sauti.

Kwa miaka ambayo mwandishi huyu amekaa kwenye dawati la uhariri, amepokea picha nyingi za kale zisizo na maelezo nyuma yake. Watu wanatabasamu, mavazi ni ya kupendeza, lakini hakuna ajuaye ni nani, wapi wala lini. Picha ya namna hiyo haichapishwi, hata iwe nzuri vipi. Wimbo usio na jina una hatima iyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, anayependa wimbo wa bendi ndogo na afanye mambo matatu. Kwanza, aandike jina la wimbo, la bendi, la mji na mwaka. Pili, kama wimbo unauzwa, aununue na kuupakua, asitegemee kwamba utabaki pale alipoukuta. Tatu, aweke nakala mahali pengine mbali na simu, kwa kuwa simu huibwa na huanguka majini.

Wanamuziki nao wana wajibu wao. Bendi inayopakia wimbo ukiwa na jina la faili pekee, bila mji, mwaka wala majina ya wapigaji, inajifutia nyayo yenyewe. Dakika kumi za kujaza taarifa hizo zinaweza kumwokolea shabiki wa kesho miaka 17 ya kutafuta.

NANI ANALIPWA?

Bendi isiyopata riziki hatimaye huvunjika. Hivyo ni muhimu msikilizaji ajue senti yake inakoelekea.

Tangu 2024, Spotify huhitaji wimbo uwe umechezwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia kabla ya kuanza kuulipia malipo ya rekodi. Kwa msanii maarufu, idadi hiyo ni ya saa chache. Kwa bendi mpya ya Kakamega au Voi, huenda ikawa ni kazi ya mwaka mzima.

Katika Bandcamp, utaratibu ni tofauti. Tovuti hiyo huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kupakua na asilimia 10 ya bidhaa kama santuri na fulana. Kwa albamu ya dola 10, Bandcamp huchukua dola 1.50, hukatwa ada ya kupitisha malipo, na kinachosalia humwendea msanii au lebo yake. Isitoshe, tangu Machi 2020 kumekuwa na baadhi ya Ijumaa ambapo tovuti hiyo husamehe mgao wake.

Hata hivyo, hakuna tovuti iliyo ngome isiyotikisika. Bandcamp yenyewe ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023, na takriban nusu ya wafanyakazi wake wakapoteza ajira. Bado inaendelea na kazi, lakini mabadiliko hayo yanakumbusha kwamba duka si mali ya bendi wala ya msikilizaji.

Kwa Mkenya asiye na kadi ya benki, kizingiti cha malipo kimepungua. Mnamo Juni 2022, Safaricom na Visa zilizindua kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa, ambayo humwezesha mtu kulipia bidhaa katika tovuti za nje. Na iwapo bendi iko karibu nawe, njia ya mkato ni ile ya kale: nenda kwenye onyesho, lipa kiingilio, nunua fulana.

HITIMISHO

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyimbo za bendi ndogo ziko mvunguni. Mitambo ya mapendekezo hutuwekea mezani vilivyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya wengi, na si dhambi kuvila. Lakini anayeinama hupata asichokitarajia.

Bendi ya FEX haikujua kwamba kuna watu waliokuwa wakiutafuta wimbo wao usiku na mchana. Yamkini kuna bendi nyingine, pengine ya mtaa wako, yenye wimbo mmoja uliowekwa mtandaoni na kusikilizwa mara 40 tu.

Jioni ya leo, andika jina la mji wako pale pa kutafutia. Sikiliza bendi tatu usizozijua. Ukiipenda moja, andika jina lake, ilipe, kisha umtajie jirani.